Wanawake Elfu Nne na Kiti Kimoja

Ilikuwako nchi, na kama haikuwako basi watu wake mpaka leo wanashangaa wanaishi wapi. Jina ilikuwa nalo, zuri tu, lakini lilipelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na halijarudi. Wenyewe waliiita "hapa". Mtu akiulizwa na askari wa mpakani anatoka wapi, alijibu natoka hapa, akagongewa muhuri, akapita.

Katika nchi hiyo kila jambo lilitangazwa kwanza, kisha likasherehekewa, na siku zikibaki, likafanywa. Mara nyingi siku hazikubaki.

Sasa asubuhi moja redio ilisema kwamba Waziri wa Mambo Yajayo, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Nahodha Gombera (unahodha alipewa mwaka ule alipovuka mto bila kulowa), amebuni Mpango wa Kushikana Mikono. Wanawake wa jamii ambazo hazijawahi kugusa kompyuta watashikwa mkono na wanawake wenzao waliotangulia, mmoja kwa mmoja, mpaka waingie kwenye kazi za kompyuta. Na uwanjani, mbele ya sanamu ya Waziri, utasimikwa Ubao wa Mafanikio, uoneshe kwa taa kubwa idadi ya walioingia. Kuuzima ubao huo, redio ilimalizia kwa sauti ya upole, ni uhaini.

Wa kwanza kufikiwa walikuwa watu wa Ng'ambo ya Reli. Hao serikali iliwakumbuka kila ilipohitaji mfano wa watu waliosahauliwa. Nguzo za umeme zilisimama katikati ya mihogo yao, nyaya zikapita juu ya vichwa vyao kwenda kuwasha taa kwa wengine. Treni nayo ilipita ikipiga honi, kuwasalimu tu.

Huko ndiko alikoishi Siwema, mwanamke wa miaka thelathini na minne, msuka mikeka. Alikuwa pia fundi wa simu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Simu ya mtu ikifa aliifungua kwa kisu chake cha kuchania miyaa, yale majani ya kusukia, akaichokonoa, akaipuliza, akaisemesha maneno mawili matatu, ikaamka. Darasa la saba alimaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Na tangu siku ile alitaka kitu kimoja hapa duniani: aketi kwenye kiti mbele ya kompyuta, afanye kazi ya kweli, na jioni akirudi, mama yake Bi Kidawa akimwuliza katoka wapi, aseme nimetoka kazini.

Basi redio iliposema, moyo ulimdunda. Halafu akaushika, akauambia tulia wewe, tuwatazame kwanza.

*

Walikuja na magari mawili. La kwanza lilimbeba Bwana Sengondo, Mratibu Mkuu wa Kushikana Mikono. La pili lilibeba bango lenye picha ya Bwana Sengondo akiwa anashuka kwenye la kwanza.

"Akina mama," alisema, "serikali imewaletea mkono."

"Mkono wa nani, baba?" Bi Kidawa aliuliza, ukili wa mkeka anaousuka haujamtoka vidoleni.

"Wa mwenzenu, mama. Utawavuta muingie kwenye teknolojia."

"Sisi tumeshavutwa sana. Mlipokuja kutuhesabia mbuzi, mliondoka na mbuzi. Mlipokuja kugawa vyandarua, mkapima chandarua kuanzia kitandani mpaka kisimani, na sasa kisima kina uzio. Leo mnapima nini?"

Bwana Sengondo akacheka kicheko cha semina, kile kisichofika machoni. "Leo hatupimi kitu kabisa, mama yangu." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa utepe wa kupimia.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaanza kukunja mkeka wake, pole pole, kama mtu aliyeona wingu.

Akawaeleza. Kanuni ya Rika ilisema Mshika Mkono na Mshikwa Mkono sharti wawe wa umri mmoja, wa kwao mmoja, na urefu wao usipishane zaidi ya vidole viwili, ili watazamane sawasawa. Tena Mshika Mkono sharti awe mwanamke wa jamii hiyohiyo aliyekwisha kuingia kwenye kazi za kompyuta.

"Lakini wa jamii yetu hakuna aliyeingia," Siwema alisema. "Si ndiyo maana mmekuja?"

"Swali zuri sana," alisema Bwana Sengondo, akaliandika. Swali hilo lilipelekwa kwa kamati, na kamati ikakaa nalo miezi kumi na mmoja katika hoteli ya ufukweni, ikilichunguza huku na huku.

Alipoondoka alikuwa amechagua wanawake kumi na wawili, Siwema akiwa wa kwanza. Na alikuwa ameacha neno moja: Ng'ambo ya Reli imetengewa kiti kimoja katika Nyumba ya Kompyuta. Atakayemaliza wiki kumi na mbili za mafunzo na kuvuka Siku ya Mheshimiwa, Waziri atakapouwasha ubao, atakikalia. Asipopatikana, kiti kitarudi ghalani, na jamii itangoja zamu nyingine baada ya miaka arobaini.

"Usiende," alisema Bi Kidawa.

"Nitakwenda, mama. Ila nitakwenda macho yamenitoka."

*

Kamati ilirudi imenenepa na imepata jibu. Katika Nyumba ya Kompyuta, mjini, alikuwako Tunu, mzaliwa wa Ng'ambo ya Reli, mpika chai kwa miaka tisa.

"Huwa unaingia chumba cha kompyuta?" kamati ilimuuliza.

"Kila siku, saa nne na saa kumi. Na sinia."

"Basi uko kwenye kazi za kompyuta." Wakampima. Alimzidi Siwema kwa kidole kimoja na nusu. Makofi yakapigwa.

Wale kumi na mmoja wengine hawakupatiwa wenzao. Lakini serikali haikuwaacha hivihivi. Kila mmoja alipewa mkono wa mbao, umepakwa rangi ya kahawia na kucha nyekundu, aushike wakati wote wa mafunzo.

Siwema na Tunu walikutanishwa ukumbini mbele ya wapiga picha. Walishikana mikono kama walivyoelekezwa, wakatabasamu kama walivyoelekezwa, na Siwema, meno yakiwa nje, akanong'ona, "Wewe ni wa kwetu kweli, au umeazimwa?"

"Mkeka wako wa kwanza kuufumua ulikuwa wa nani?" Tunu alinong'ona, naye meno nje.

Hapo Siwema akalegea kidogo. Maana Ng'ambo ya Reli mtu haanzi kujifunza mkeka kwa kusuka. Anapewa mkeka uliokamilika, tena ule mzuri, anaambiwa fumua. Anafungua mshono, anatenga kili, anaurudisha kila ukili kuwa miyaa mitupu, na kisu hakiruhusiwi. Akimaliza anaulizwa: msukaji alichoka wapi? Alificha wapi kiungo kibovu? Mkono wake ulikuwaje? Akijibu, ndipo anapewa miyaa yake mwenyewe. Watu wa mjini hawalijui hilo. Wao mikeka huikalia tu.

"Wa mama," Siwema alijibu. "Mkeka wake wa harusi. Alichoka pembe ya kushoto."

"Basi na hapa tutafanya vivyo hivyo, shoga. Cheka, wanapiga nyingine."

*

Mafunzo yalianza. Wiki ya kwanza hadi ya tatu zilikuwa za hotuba za ufunguzi. Wiki ya nne walifundishwa kuketi. Ya tano walioneshwa kibodi ndani ya kabati la kioo. Kompyuta zao hazikuwashwa, kwa kuwa umeme wake ulikuwa unatunzwa kwa ajili ya Siku ya Mheshimiwa.

Ila kila saa nne na kila saa kumi Tunu alilalamika kwamba sinia ni zito siku hizi, anahitaji msaidizi. Bwana Sengondo akaruhusu, maana kubeba sinia kulikuwamo kwenye ratiba chini ya Vitendo. Ndivyo Siwema alivyoingia chumba cha ndani, penye mashine zinazopumua kweli. Wahandisi walipotoka kunywa chai barazani, na walikaa nayo sana, Tunu alimkalisha.

Tunu alikuwa anajua. Miaka tisa alisimama nyuma ya mabega ya watu na birika mkononi, akisoma wanachoandika. Mashine ikigoma, Mhandisi Mkuu mwenyewe alifunga mlango, akamwita kwa sauti ya chini, "Tunu, mama, hebu njoo utazame." Akitoka hapo alipongezwa Mhandisi Mkuu. Tunu alirudi kuosha vikombe.

Alimfundisha Siwema maneno ya mashine, thelathini hivi, mafupi mafupi: anza, hesabu, rudia, ikiwa, acha. Kisha akamfungulia kazi ndogo iliyokamilika, ile ya kupanga majina ya wageni.

"Fumua," alisema.

Siwema akafumua. Akafumua ya pili, na ya tatu. Kufikia wiki ya tisa alikuwa anasoma amri kama anavyosoma mkeka, akiona palipovutwa sana na palipolegea. Kwa mara ya kwanza alianza kukiota kile kiti, mpaka akajigombeza: nani kakwambia?

Na wiki ya kumi, wakati Tunu amekwenda kuongeza sukari barazani, Siwema alifungua mkeka ambao hakuambiwa aufungue. Zilikuwa amri za Ubao wa Mafanikio.

Aliusoma mara moja, akafikiri amekosea. Akausoma tena, kidole kwenye kioo. Ulianza na jina moja: Siwema. Mstari uliofuata ukasema rudia. Ukalichukua jina lile, ukalibadilishia jina la babu, ukalihesabu. Ukalibadilishia tena, ukalihesabu. Mpaka elfu nne. Na zikifika elfu nne: nafasi zimejaa, funga mlango, futa Siwema.

Kumbe walichokuja kupima safari hii kilikuwa jina lake.

Lakini si hilo lililomshtua zaidi. Kile kitu kinachohesabu, ambacho wahandisi hupenda kukiita kwa herufi moja tu, hapa kilikuwa kimepewa jina zima. Kiliitwa machoyanjiwa. Hakuna mhandisi wa mjini anayejua macho ya njiwa ni nini. Ni nakshi ya pembeni, ya Ng'ambo ya Reli, ile inayojirudia mpaka mkeka uishe.

Tunu aliporudi, Siwema hakugeuka.

"Hapa pana mkono wako."

Tunu akaweka birika chini. Aliangalia kioo, akaangalia mlango, akaangalia miguu yake.

"Ulikuwa umemshinda Mhandisi Mkuu," alisema mwishowe. "Ukifika mia tatu unazima. Akaniita, nikamrekebishia. Sikuuliza ni wa nini."

"Miaka tisa hukuuliza?"

"Ningeuliza ningekuwa nauza maandazi relini, Siwema! Nani angekuwa hapa kukufundisha?"

"Kunifundisha nini? Kutabasamu? Au kamati ilikulipa kidole kimoja na nusu?"

"Usinitukane, shoga. Nilikuwa na hofu, mwizi mimi siyo."

"Tukate mstari huo sasa hivi."

"Tukikata watauona kabla ya siku. Na ukishikwa umegusa ubao, unafukuzwa."

"Nisipogusa nafukuzwa pia," alisema Siwema, "ila kwa makofi."

Hatua zikasikika barazani. Siwema akashika sinia. Tunu alisema kwa haraka, bila kumtazama, "Huo mkeka nilisuka mimi. Nitaufumua mimi." Na Siwema, akitoka na vikombe vichafu, hakujua kama aliyesema hivyo ni mwalimu wake au ni mtu anayemwondoa njiani.

*

Wiki mbili za mwisho wanawake walifungiwa ukumbini kufanyishwa mazoezi ya kushangilia. Hakuna kubeba sinia tena. Tunu aliingia peke yake, akatoka peke yake. Mara moja walipishana mlangoni. Siwema alimtazama usoni amsome, lakini uso wa mtu aliyepika chai ya wakubwa miaka tisa hausomeki. Tunu alisema tu, "Siku hiyo ukiketi, usitoe mikono," akapita.

Siwema aliligeuza neno hilo usiku na mchana. Usitoe mikono. Ni onyo? Ni mtego? Wamemtuma?

Siku ya Mheshimiwa ikafika, jua la saa sita, uwanja umejaa. Shule zote zilifungwa ili watoto waje kujionea elimu. Jukwaani kiliwekwa kile kiti kimoja, kimefungwa utepe mwekundu, na mbele yake kompyuta moja iliyowashwa. Juu kabisa ukaning'inia Ubao wa Mafanikio. Wale kumi na mmoja walisimama nyuma na mikono yao ya mbao. Tunu alikuwa pembeni na birika la Mheshimiwa.

"Ndugu wananchi!" alianza Waziri Gombera, akisoma. "Wapo waliosema haiwezekani. Tukawauliza, haiwezekani nini? Wakashindwa kujibu! Leo, kama mnavyojionea kwa macho yenu wenyewe, wanawake elfu nne kutoka Ng'ambo ya Reli..."

Akabonyeza kitufe cha dhahabu. Ngoma zikarindima. Taa za ubao zikawaka, zikacheza cheza, zikatulia.

Sifuri.

Mtoto mmoja akaisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni. Mama yake akamziba mdomo.

Waziri alitazama ubao, akatazama karatasi. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na tarakimu. "Sifuri!" alinguruma. "Itazameni! Ni duara kamili. Haina mwanzo, haina mwisho, haina kona ya kumchoma mtu. Kama mapenzi ya serikali yenu!" Bendi ikapiga. Bila kugeuza shingo akamwambia Mhandisi Mkuu, "Ondoa upuuzi huo."

Mhandisi Mkuu alipapasa, akatoka jasho. Kuuzima hawezi, ni uhaini. Mwisho akajongea pembeni. "Tunu, mama, hebu njoo utazame."

Na Tunu, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alijibu kwa sauti ya kusikika. Kipaza sauti kilikuwa karibu. "Mimi, bwana, ni mpika chai. Kazi hiyo ina mwenyewe. Si mmemfundisha wiki kumi na mbili?" Akanyoosha birika kumwelekea Siwema.

Watu elfu kadhaa wakageuka. Bwana Sengondo alifungua mdomo kusema kwamba mafunzo yale hayakukusudia mtu ajue, akagundua mahali alipo, akaufunga.

Siwema alipanda jukwaani. Aliutoa utepe mwekundu kwa kufungua fundo, hakuukata. Akaketi. Kiti kilikuwa kigumu kuliko alivyokiota. Akaweka mikono kwenye kibodi, akaandika jina lake, babu yake mmoja tu, yule wa kweli.

Ubao ukabadilika. Moja.

Sauti iliyotoka uwanjani ilifika Ng'ambo ya Reli. Bi Kidawa baadaye aliapa kwamba aliisikia. Waziri alipata pumzi. "Moja! Nambari moja duniani!" Wapiga picha wakapiga. Bwana Sengondo akainama sikioni kwa Siwema. "Haya, vizuri, picha imetosha. Inuka, gari la kukurudisha liko nyuma."

Siwema akamtazama Tunu. Tunu alikuwa anammiminia Waziri chai, haangalii, wala hamwagi tone. Siwema akatoa mikono, akainuka.

Sifuri.

"Mrudishe!" alisema Waziri.

Akaketi. Moja. Bwana Sengondo, mtu wa majaribio, akaagiza waketishe binamu yake mwenyewe, asiyejua neno moja la mashine. Sifuri. Wakaketisha mkono wa mbao. Sifuri. Akaketi Siwema. Moja. Kufikia hapo watoto wa shule walikuwa wanahesabu kwa pamoja, sifuri, moja, sifuri, moja, na walimu wao wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Ndipo Siwema alipoelewa. Tunu hakukata mstari. Aliufumua, akasuka upya kwa miyaa ileile. Ubao hauhesabu tena majina. Unahesabu wanaofanya kazi, wakiwa wanafanya. Mwanamke wa Ng'ambo ya Reli akifukuzwa saa nne, uwanja mzima unajua saa nne na dakika moja.

"Na hizo elfu nne?" Waziri aliuliza, meno yameumana.

"Zitafika, Mheshimiwa," alisema Siwema. "Lakini mashine hii haina adabu. Haimwoni mwanamke asiye na kiti."

*

Gazeti la serikali kesho yake liliandika elfu nne, kwa kuwa lilikuwa limechapwa juzi yake.

Lakini ubao uko pale pale, na anayepita uwanjani anausoma mwenyewe. Wale kumi na mmoja waliingia mmoja mmoja, kila aliyeingia akimshika mwenzake, na mikono ya mbao ikawa kuni za kuchemshia chai. Chai siku hizi inapikwa na Bwana Sengondo, na ni nyepesi. Tunu ana kiti karibu na dirisha. Serikali imeunda kamati ya kuchunguza viti, imekwenda ufukweni. Siwema kila asubuhi, kabla ya kuketi, huinama akakagua skrubu za kiti chake moja moja. Jioni mama yake akimwuliza katoka wapi, husema kazini, na Bi Kidawa huuliza, "Bado wanakuacha?" Hujibu, "Mpaka leo jioni."

Juzi ubao ulikuwa kumi na tisa. Asubuhi hiyo aliletwa binti mpya kutoka Ng'ambo ya Reli, mwembamba, mkoba kaukumbatia kifuani kama atanyang'anywa. Siwema alimvutia kiti, akamfungulia kazi iliyokamilika, tena ile nzuri, akamwambia, "Fumua."

Binti hakugusa kitu. Alimtazama Siwema kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe ni wa kwetu kweli," aliuliza, "au umeazimwa?"

Siwema akageuka kumtazama Tunu kule dirishani, na wote wawili wakacheka mpaka Bwana Sengondo akachungulia na birika. Huyu, Tunu alisema, ataweza.